Mbwa Ameuma: Tusingoje Maabara

Mama mwenzetu wa Katuba alitujia mbio. Mbwa alimuuma mtoto wake, majirani wakamuua. Je, apeleke kwanza kichwa cha mbwa kikapimwe?

Kipimo kipo, kilionyeshwa na Goldwasser na Kissling mwaka 1958. Mtaalamu hupaka ubongo kidogo kwenye kioo, kisha hutia dawa inayonata penye virusi vya kichaa peke yake. Dawa hiyo imechanganywa na rangi inayong'aa. Chini ya hadubini yenye taa maalum, seli zenye virusi huwaka kijani, kama vimulimuli usiku. Zisizo navyo hubaki giza. (Wanaoponda mbwa kichwa kwa mawe huharibu ubongo uleule unaotakiwa!) Ubongo wa mtu nao hupimwa hivyo, ila akishakufa.

Basi tulimwambia: usingoje. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, mtoto akilia na bibi yake akitaka tupake pilipili. Tulimkatalia bibi kwa heshima. Siku hiyohiyo mtoto akapelekwa hospitali kwa chanjo. Majibu ya maabara yakija, daktari ataamua kama sindano ziendelee.

Sindano ya pili ni siku ya 3 baada ya ya kwanza. Itaangukia Jumamosi, siku ya soko. Tumeshapanga nani atamsindikiza mama na nani atauza meza yake.