Mvua zimeanza, ndoo ipumzike

Upepo wa kusi umelala, maembe yanaanguka usiku na korosho za mwisho zinaokotwa. Kwa wakazi wa Kilwa na pwani yote ya Lindi, hizo ndizo dalili kwamba mvua ziko karibu. Huko Ulaya watu husubiri Machi jua lirudi ndipo miti yao ichipue. Huku jua halijaenda popote, kinachosubiriwa ni maji. Zikinyesha mvua mbili tatu za maana, ua uliokuwa vumbi tupu unageuka kijani ndani ya wiki moja, na mchicha ambao hakuna aliyeupanda unajiotea nyuma ya jiko.

Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi watoto hawaifurahii bustani hiyo. Kwao bustani maana yake ni ndoo. Tangu Juni hadi Novemba mboga za nyumbani huishi kwa maji ya kubeba, na mbebaji mara nyingi ni mtoto, hasa wa kike, aliyetoka shule na njaa yake. Penye kisima kilicho karibu na bahari mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu maji yana chumvi. Mchicha ukinyweshwa maji hayo kila siku huungua kingo za majani, kisha anayeulizwa kwa nini mboga zimekufa ni yule yule aliyezibebea maji. Mtoto wa namna hiyo akisema akikua hatashika jembe, asishangaliwe.

Sasa bahati ipo. Shule hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari, wakati mvua zinaendelea. Watoto wako nyumbani na dumu limelala chini. Ni wiki chache tu katika mwaka mzima ambazo mtoto anaweza kuwa bustanini bila kutumwa, na wazazi wengi huzipoteza kwa kuongeza kazi nyingine: palilia hapa, fyeka pale, chimba shimo la taka. Kazi za nyumbani mtoto hawezi kuzikwepa, lakini kipande chake mwenyewe, hata hatua mbili kwa mbili, ni jambo jingine. Apande anachotaka, hata kama ni karanga tano na maua. Na mzazi asikikague kila asubuhi kama mwalimu wa zamu.

Mtoto hana subira, hivyo aanze na vinavyokwenda haraka. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele hayahitaji hata mbegu. Vipande vya mashina kutoka kwa jirani vinatosha. Kunde huliwa majani kabla hazijazaa, na bamia huchukua kama miezi miwili. Mpapai nao upandwe, ila aambiwe mapema kwamba tunda lake ni la mwakani.

Udongo wa karibu na bahari ni mchanga unaopitisha maji kama chujio. Samadi ya mbuzi inasaidia ikiwa imeoza vizuri, kwani mbichi huunguza mizizi. Makumbi ya nazi yakifukiwa chini ya tuta hushika unyevu, nayo ni muhimu kwa sababu mvua za huku zina tabia ya kunyesha siku tatu kisha kunyamaza wiki nzima. Vifuu na makopo yaliyotupwa uani yafunikwe kichwa chini yasizalishe mbu. Kazi hiyo watoto wadogo huipenda sana, sijui kwa nini watu wazima huiona ndogo.

Wapo akina baba wanaosema ua ni wa mboga, maua hayaliwi. Pwani yenyewe inawapinga. Nyumba ya zamani ya Kivinje au Lindi mjini bila asumini, mrehani au mlangilangi ilikuwa kama haijakamilika. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado vichwa, ikafungwa pamoja na mrehani kuwa kikuba, na nyumba ikanukia usiku kucha. Mwaka 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilipoiteka Kilwa Kisiwani, mmoja wa waliokuwa safarini aliandika juu ya bustani alizozikuta: machungwa, malimau, vitunguu vidogo, majani ya kunukia, na tambuu ikipanda kwenye vijiti, vyote vikinyweshwa maji ya visima. Kwa hiyo ndoo ni ya zamani sana Kilwa, na harufu nzuri pia.

Ambaye hajui majina ya mimea hiyo amwite bibi. Bibi wa Kimwera au Kimachinga akizungushwa uani baada ya mvua hataja mboga za porini ambazo mama mwenye nyumba amekuwa akizing'oa kama magugu, na anajua ipi hupikwa kwa karanga na ipi huchanganywa na mlenda. Wajukuu wafuatane naye. Majina hayo hayafundishwi darasani, na bibi hatakuwapo kila Desemba.

Jioni mvua ikikatika, mkeka utandikwe karibu na bustani na chai inyweshwe hapo. Mtoto akionyesha mchicha wake ulioota majani manne, mzazi autazame. Asianze na habari ya magugu.

Mvua zikikoma Mei, ndoo itarudi. Zamu za kumwagilia zipangwe mapema, wavulana sawa na wasichana, na jina la baba liwemo.