Bunia: Batri zinazolala kwenye matela pamoja na watoto

Saa nne za usiku, kartiye Lumumba. Umeme uliokatika tangu asubuhi umerudi. Ndani ya nyumba watu wanakimbilia priza: simu tatu, tochi, redio ndogo ya mama, vyote kwenye ralonji moja. Kisha kila mtu analala, simu ziko juu ya matela, karibu na chandarua. Hii picha sisi wote tunaijua.

Batri ya lityumu, ile ya simu, pawabanki na tochi nyingi za siku hizi, ndani yake iko na maji-maji yanayoshika moto mbio. Kwa kawaida haifai kupita volti 4.2 wakati wa kuchaji. Ikipita, ao ikitobolewa, ao ikikaa kwenye joto kali, inaanza kujipasha yenyewe na huwezi kuizuia tena. Moshi wake ni sumu. Katika chumba kimoja chenye dirisha limefungwa, moshi unaweza kuua mbele ya moto.

Mji wa New York uko na wazimamoto wengi na mashine kubwa. Hata hivyo, mwaka 2023 mioto ya batri hizi iliua huko watu 18, mingi ikitokana na vélo za umeme. Na sisi wa Lumumba, wenye nyumba za mbao na mabati zilizobanana?

Mambo ya pano za jua ndiyo yananisumbua zaidi. Pano iliyoandikwa volti 12 inaweza kutoa 18 na zaidi jua likiwa kali. Mtu anaiunganisha moja kwa moja na batri, bila regilateri, kwa sababu regilateri ni pesa nyingine. Hata batri ya gari, ikichajiwa kupita kiasi, inatoa gesi inayolipuka kwa cheche moja tu. Ikae mahali penye hewa, mbali na mbabula.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na simu iliyovimba mgongo, nikaitumia wiki mbili zaidi, franka za batri mpya hazikuwepo. Ilikuwa upumbavu. Batri iliyovimba usiichaji tena, usiitoboe, itoe nje ya nyumba.

Kuchaji, fanya ukiwa macho, juu ya sima ao sahani ya bati, si kwenye nguo. Usiku umeme ukirudi, chaji kwanza simu moja, kisha chomoa yote mbele ya kulala. Moto ukianza, toa watoto kwanza, funga mlango, kata umeme kama unaweza. Ikiwa ni simu tu na haiko tena kwenye priza, mwagia maji mengi ili ipoe, maana inaweza kuwaka tena hata baada ya saa kadhaa.

Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kutoka Lualaba na Haut-Katanga, na kobalti hiyo inaingia katika batri nyingi za simu. Sisi tunarudishiwa shajeri zisizo na jina, ndani ya vifurushi vinavyopita Mahagi na Kasenyi. Kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia ni kazi ya OCC. Na batri zilizokufa, ambazo watoto wanazipasua kwenye jalala kwa mawe, shef wa kartiye angeweza kuanza na kitu kidogo: ndoo moja ya mchanga kila avenyu, ya kuziweka.