Bara ya Mombasa na nyota wa vikapu wasioandikwa

JINA la Madina Okot linapotajwa katika taarifa za mpira wa vikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, mashabiki wakongwe wa mchezo huo katika maeneo ya Likoni, Kisauni na Changamwe hawakosi kudai fungu lao la sifa.

Dai hilo lina msingi, ingawa si mpana kama wanavyopenda kuusimulia. Okot ni mwana wa Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, wala hakuzaliwa Pwani. Hata hivyo, alisoma katika shule ya upili ya Kaya Tiwi, Kaunti ya Kwale, kando ya barabara inayotoka Likoni kuelekea Ukunda na Lungalunga. Kutoka huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Zetech, kisha akavuka bahari na kuichezea Mississippi State katika msimu wa 2024-25. Msimu uliofuata alihamia South Carolina, timu ya kocha mashuhuri Dawn Staley.

Kwa msimu mmoja aliokaa Mississippi State, mtu yeyote aliye na simu anaweza kujua kuwa Okot alifunga wastani wa zaidi ya alama 11 kwa mechi, na kwamba katika kila mechi alidaka karibu mipira 10 iliyorudi kutoka ubaoni. Anaweza pia kujua urefu wake, shule aliyotoka na mji wa nyumbani kwao.

Anayetaka kujua ni nani alikuwa mfungaji bora wa mashindano ya mtaani Likoni katika miaka ya themanini hana pa kutazama. Itambidi akae barazani baada ya swala ya Alasiri, aagize kahawa, asikilize. Atapewa majina matatu na wazee watatu, na kila mmoja ataapa kuwa wengine wawili wamesahau.

Ubishi wa aina hii una utamu wake, lakini chini yake kuna swali zito. Ni mchezaji yupi anayekumbukwa, na ni nini kinachomfanya akumbukwe?

Jibu la kwanza linaanzia kwenye ramani. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na wakazi 1,208,333. Kati yao, waliokuwa wakiishi Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa maneno mengine, karibu watu tisa kati ya kila kumi wa Mombasa wanalala bara.

Ilhali majina ya viwanja ambayo mpenzi wa michezo wa Mombasa huyataja kwanza yako kisiwani. Ukumbi wa Makande, nyumbani kwa timu za vikapu za Halmashauri ya Bandari (KPA), uko kisiwani. Uwanja wa Manispaa, uliobomolewa ili ujengwe upya katika mradi ulioanza mwaka wa 2018 na kukwama kwa miaka, uko kisiwani. Mbaraki, ambako klabu ya soka ya Bandari ilihamia, uko kisiwani, na Tononoka vilevile.

Kijana wa bara aliyetaka kuonekana alilazimika kuvuka. Wa Likoni alipanda feri, ambayo kwa mtembea kwa miguu haina nauli lakini ina foleni. Wa Kisauni alivuka daraja la Nyali. Wa Changamwe alipita Makupa. Alipofika alicheza kwa jina la shule, la kampuni au la klabu ya kisiwani, na sifa zikabaki huko huko. Mtaa aliojifunzia kurusha mpira kwenye pete ya chuma isiyo na wavu ukabaki bila kutajwa.

Soka ilikuwa na bahati njema zaidi. Klabu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1965, na hadi leo jina hilo lina heshima kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Kipa Mahmoud Abbas alibandikwa lakabu ya “Kenya One” katika enzi ambapo Harambee Stars walitwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 mjini Kampala dhidi ya wenyeji Uganda iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na penalti humjenga kipa kuliko kitu kingine chochote.

Lakini lakabu haisafiri yenyewe. Ilibebwa na redio. Miongoni mwa sauti zilizoibeba soka hadi vijijini ilikuwa ya marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na ambaye alizaliwa Freretown, katika hiyo hiyo bara ya Kisauni. Msikilizaji ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira aliwajua wachezaji kwa namna walivyotajwa.

Mpira wa vikapu haukupata mtangazaji wa aina hiyo. Ni mchezo wa kasi, alama zinaingia kila baada ya sekunde kadhaa, na kuutangaza kwa Kiswahili redioni ni kazi ambayo wachache waliithubutu. Hata timu ya taifa ya wanaume ilipomaliza ya nne katika kombe la Afrika la mwaka wa 1993, ikicheza nyumbani Nairobi, ufanisi huo haukukaa midomoni mwa watu kwa muda mrefu. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2021, Tylor Ongwae alipoifungia Kenya kikapu cha dakika ya mwisho kilichowazamisha Angola 74-73 mjini Yaoundé, ndipo wengi wakaambiwa kuwa taifa lilikuwa limekosa mashindano hayo kwa miaka 28. Ongwae naye alikuwa amepitia chuo kikuu cha Louisiana-Monroe, na takwimu zake zote zimehifadhiwa kule.

Kwa hiyo kumbukumbu ya vikapu bara imeachiwa waliokuwa wamesimama kando ya uwanja. Na waliosimama kando ya uwanja, aghalabu, walikuwa wanaume.

Hapa ndipo masimulizi ya barazani yanapoanza kupwaya. Ukiyasikiliza kwa makini, karibu kila nguli anayetajwa ni mvulana: yule aliyeruka hadi kiwiko kikagusa pete, yule aliyecheza pekupeku, yule aliyeitwa na klabu ya Nairobi akakataa kwa sababu ya mama yake. Ni hadithi tamu, na huenda nyingine ni za kweli. Lakini mafanikio ambayo eneo la Pwani linaweza kujivunia kwa uhakika katika mchezo huu, kwa miaka mingi, yameletwa na wanawake. Timu ya wanawake ya KPA, ambayo kwa muda mrefu ilinolewa na kocha Anthony Ojukwu, imekuwa miongoni mwa zinazogombea taji la ligi ya taifa na kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya bara la Afrika. Kaya Tiwi nayo ni shule ambayo wapinzani wake katika michezo ya shule za upili huitazama ratiba kwa hofu.

Kwa nini basi hawasimuliwi? Sababu moja ni kwamba wasichana hawakuwa na uwanja wa mtaa. Saa za jioni, jua linapopoa, ndizo saa za mchezo, na ndizo saa ambazo msichana wa Likoni au Kisauni alitarajiwa kuwa nyumbani, akichota maji, akilea wadogo zake, akisaidia jikoni kabla ya Magharibi. Uwanja ukiwa mmoja, wavulana ndio waliokuwa na nafasi ya kuuwahi na kuutawala hadi giza.

Msichana alicheza pale kengele ya shule ilipomruhusu. Alipomaliza shule, ama alipata mwajiri mwenye timu, kama bandari, ama mchezo wake ukaishia hapo. Hakuna kundi la vijana lililokaa ukutani kumtazama kila jioni kwa miaka mitano na kumpa lakabu. Mizizi yake iko katika ratiba ya shule, na ratiba haisimulii hadithi. Ndiyo maana ni Kaya Tiwi, shule yenye programu, wala si mtaa wowote wa Mombasa, iliyompitisha Okot katika safari yake ya kufika Marekani.

Wapo watakaosema kuwa hilo linathibitisha kwamba viwanja vya mtaani havina maana sana, na kwamba fedha zielekezwe shuleni. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Uwanja pekee haumpatii mchezaji kocha, viatu wala nauli. Lakini shule huchagua waliokwisha kuonekana, na mvulana au msichana asiyewahi kugusa mpira kabla ya kidato cha kwanza huanza akiwa nyuma.

Wamarekani wenyewe, wanaosifiwa kwa vyuo vyao, hawakuudharau mtaa. Jijini New York, mfanyakazi wa idara ya bustani aliyeitwa Holcombe Rucker alianzisha mashindano ya vijana wa Harlem karibu mwaka wa 1950, akiyaunganisha na masomo. Alifariki mwaka wa 1965, na mwaka wa 1974 uwanja ulio katika barabara ya 155 ukapewa jina lake. Gwiji mwingine wa mitaa hiyo, Earl Manigault, mwenye lakabu ya “Goat”, yaani mbuzi, alikaa kwa muda mfupi tu katika chuo cha Johnson C. Smith, akaacha, akazama katika dawa za kulevya na kufungwa jela. Hakucheza mechi hata moja ya NBA. Kareem Abdul-Jabbar, alipostaafu mwaka wa 1989, alipoulizwa ni nani mchezaji bora aliyewahi kukutana naye, alimtaja Manigault. Uwanja aliochezea, na ambao baadaye aliandaa mashindano ya watoto, unajulikana kwa lakabu yake.

Bila shaka wazee wa Harlem nao walitia chumvi. Manigault wa masimulizi anaruka juu kuliko binadamu yeyote. Tofauti ni kwamba mtoto wa leo anaweza kupelekwa mahali penyewe na kuonyeshwa pete.

Katika bara ya Mombasa mahali penyewe ndipo penye utata. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilishwa mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini, ikiwemo ya shule na viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Likoni ina historia yake yenyewe ya migogoro ya ardhi. Shamba la Waitiki, lenye ekari zipatazo 930, lilikaliwa na maskwota kwa miaka mingi kabla ya serikali kulinunua na kuanza kutoa hatimiliki Januari 2016. Familia zilizopata hati zilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ardhi inapokatwa kuwa ploti, kila ploti huwa na mwenyewe wa kuipigania. Kipande cha mchanga chenye magoli mawili hakina.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaeleza ardhi ya umma ni ipi na nani anaishikilia kwa niaba ya wananchi. Kuthibitisha kwamba uwanja fulani umekuwa wa umma kwa miaka 40, hata hivyo, kunahitaji zaidi ya kiapo cha wazee. Kunahitaji picha, ratiba za mashindano, orodha za timu, tarehe. Vitu hivyo hivyo ambavyo mashabiki wa vikapu na wa soka wamevihifadhi vichwani, huku baadhi vikiwa katika masanduku ya chuma chini ya vitanda.

Chama cha mchezo katika kaunti, shule na KPA vingeweza kuanza na jambo dogo: kuorodhesha wanawake waliovaa jezi ya bandari, shule walizosoma na mtaa ambako kila mmoja wao aligusa mpira kwa mara ya kwanza. Wengi wangali hai, na baadhi wanaishi papo hapo ng'ambo ya feri. Ubishi kuhusu wanaume wa miaka ya themanini unaweza kuendelea barazani wakati orodha hiyo ikiandikwa.