Waliopona Korona Wapimwe Pumzi

Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19, ugonjwa ambao wengi wetu tumeuzoea kwa jina la korona, haukuwa tena dharura ya ulimwengu mzima. Tangazo hilo lilipokelewa kwa furaha, na furaha hiyo ilistahili, maana watu walikuwa wamezika ndugu zao na biashara nyingi zilikuwa zimeanguka. Hata hivyo, Shirika hilo halikusema kwamba ugonjwa umekwisha, wala halikusema kwamba kila aliyeugua amerudia afya yake ya zamani. Hayo tumeyaongeza sisi wenyewe, kwa kuwa binadamu hupenda kuyasahau mabaya yaliyompata.

Leo twapenda kuwazungumzia wale ambao hawawezi kusahau. Ni wale walioambiwa kwamba wamepona, virusi vikawa havimo tena mwilini mwao, wakarudi makwao wakishukuru. Lakini pumzi yao haikurudi pamoja nao. Mtu wa namna hii ukimtazama barazani humwoni kuwa mgonjwa. Hana homa, hakohoi sana, na chakula anakula. Mpe jembe alime tuta moja, au mwambie apandishe ndoo ya maji kilimani, hapo ndipo utakapoona kifua kikimpanda na kushuka kama mtu aliyefukuzwa na simba. Jamaa zake humwita mvivu. Mwajiri wake humwita mtegaji. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

Jambo hili si uvumi wa vijiweni. Mwezi Januari, 2021, madaktari wa mji wa Wuhan, nchini China, walitoa taarifa ya wagonjwa 1,733 waliokuwa wamelazwa katika hospitali ya Jin Yin-tan na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Miezi sita baada ya kuanza kuugua, watu 76 katika kila 100 walikuwa bado na dalili moja au zaidi, na iliyozidi zote ilikuwa uchovu na udhaifu wa misuli. Baadhi yao walipimwa mapafu. Miongoni mwa wale ambao hawakuhitaji kuongezewa oksijeni walipokuwa wamelazwa, 22 katika kila 100 walionekana na mapafu yasiyopitisha hewa sawasawa kwenda kwenye damu. Miongoni mwa wale waliougua sana hata wakasaidiwa kupumua kwa mashine, idadi hiyo ilikuwa 56 katika kila 100. Wagonjwa hao walipofuatiliwa tena baada ya miaka miwili, zaidi ya nusu yao walikuwa bado na dalili fulani.

Aidha, mwezi Oktoba, 2021, Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa huu wa baadaye maelezo rasmi. Ni dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi mitatu tangu mtu alipoanza kuugua korona, zikadumu kwa miezi miwili au zaidi, na ambazo haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Kupungukiwa na pumzi ni mojawapo ya zilizotajwa mbele kabisa.

Yafaa msomaji aelewe kinachotokea ndani ya kifua. Mapafu yana mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, ili oksijeni ipenye upesi kuingia katika damu. Korona ilipowashika watu kwa ukali, kuta hizo zilivimba na kujaa maji. Kwa wengi uvimbe ulikwisha na kuta zikarudia wembamba wake. Kwa wengine palibaki makovu, na kovu ni nene na gumu. Hewa hufika mlangoni lakini haipenyi. Tena wapo ambao damu iliganda katika mishipa midogo ya mapafu, na wapo ambao misuli ya kifua ililegea kwa kulala kitandani muda mrefu. Sababu ni nyingi, lakini mgonjwa husema neno moja tu: pumzi hainitoshi.

Katika mikoa yetu hii ya kaskazini jambo hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, 2020, naye alikuwa hapa Arusha. Zaidi ya hayo, maelfu ya watu wetu hula kwa nguvu za mapafu yao. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro hubeba mizigo ya kilo 20 kwa siku kadhaa mfululizo. Kileleni Uhuru, kwenye mita 5,895, kila mkupuo wa pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mtu mwenye mapafu mazima huhema huko juu. Basi mwenye makovu kifuani atakuwa katika hali gani? Na ndugu zetu wachimbaji wa Mirerani, ambao tayari vumbi la mawe linawatafuna mapafu, je, wakiongezewa na makovu ya korona watabaki na nini?

Ajabu ni kwamba chombo cha kumsaidia mpagazi kimo mle mle katika mzigo anaoubeba. Waongozaji wengi wa watalii hupanda na kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kila jioni kambini mgeni hupimwa, na akionekana amepungukiwa huteremshwa. Tunaona ni haki kabisa kidole cha mpagazi nacho kiwekwe katika kifaa hicho hicho. Haigharimu hata senti moja ya ziada, na roho ya mbeba mzigo haina thamani ndogo kuliko ya mwenye mzigo.

Hapa lazima tuseme jambo moja wazi. Mpagazi hataonyesha kidole chake kwa hiari iwapo anajua kwamba akionekana na upungufu atafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humfichua, ndivyo isemavyo methali. Lakini mtu mwenye watoto watatu shuleni huona afadhali ayafiche maradhi kuliko kuificha njaa. Kwa hiyo kipimo bila kazi mbadala kitakuwa mtego. Kampuni za utalii zinazo kazi nyingi za chini ya mlima: ghala za mahema, jikoni, bustani, usafi wa magari, mapokezi ya wageni. Zitenge kazi hizo kwa wale waliopimwa wakaonekana kuwa mlima hauwafai tena, au hauwafai kwa msimu huu.

Tunajua kwamba watatokea watakaouliza: Je, nchi yenye malaria, kifua kikuu na upungufu wa wakunga itatoa wapi fedha za kuwapima watu ambao wamekwisha pona? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si gumu. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa hutembea kwa dakika sita katika ujia wa mita 30, muuguzi akiwa na saa mkononi na kile kifaa cha kidoleni. Hupimwa umbali aliokwenda na oksijeni iliyopungua. Pasipo na ujia, kiti kinatosha: mgonjwa husimama na kuketi kwa dakika moja, kisha hupimwa. Kipimo cha namna hii ni bora kuliko kumpima mtu aliyeketi kimya, maana wapo ambao oksijeni yao ni kamili wakipumzika, lakini hushuka mara tu wanapojikaza. Vivyo hivyo, picha ya kifua inaweza kuonekana safi na mtu akawa bado hapumui sawasawa. Watakaoonekana na kasoro ndio wapelekwe hospitali ya mkoa au ya rufaa kwa vipimo vikubwa.

Tena gharama hiyo haitakuwa ya korona peke yake. Muuguzi aliyejifunza kupima pumzi atamfaa pia mtu aliyetibiwa kifua kikuu akapona na kubaki na mapafu yaliyoharibika, mchimba madini, mvuta sigara, na mama aliyekaa miaka 30 mbele ya moshi wa kuni. Bahati nzuri mikoa yetu haianzi na mikono mitupu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imeyashughulikia maradhi ya kifua tangu zama za ukoloni, na ujuzi wake ungeweza kuenezwa hadi kwenye vituo vya afya.

Jambo jingine ni la vyeti. Tangu mwezi Mei, 2020, hadi katikati ya mwaka 2021, nchi yetu haikuwa ikitoa takwimu za wagonjwa wa korona, na watu wengi waliugua majumbani bila kupimwa. Kumdai mtu huyo leo alete karatasi ya kuthibitisha kwamba aliwahi kuugua ni kumdai asichoweza kuwa nacho. Daktari na asikilize historia ya mgonjwa, apime pumzi yake, na amtibu kwa kile anachokiona. Wakati huo huo asiharakishe kuitupia korona lawama zote. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi lazima apimwe makohozi, kwani kifua kikuu hakijatuacha, nacho kina dawa.

Wagonjwa wenyewe tunawaambia wasikate tamaa. Wengi hupata nafuu hatua kwa hatua katika mwaka wa kwanza, na hata baadaye. Mazoezi ya kupumua na ya kutembea, yakiongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi, husaidia. Lakini anayeona kwamba kila akijikaza leo huanguka kitandani kesho, asilazimishwe. Huyo apewe mapumziko na kazi yake igawanywe. Sigara iachwe kabisa. Na familia zianze kumwondoa mgonjwa katika jiko la moshi. Serikali ilizindua mwezi Mei, 2024, mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Nyumba zenye wagonjwa wa mapafu zisiwe za mwisho kufikiwa.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa Waganga Wakuu wa mikoa na wilaya zetu watenge japo siku moja kwa wiki ya kuwapima pumzi wale wanaolalamika kwamba hawajarudia hali yao tangu walipougua. Tunaziomba kampuni za utalii na wenye machimbo wawapime watu wao kabla ya msimu, na wawawekee kazi nyingine wale watakaoonekana kuwa wamepungukiwa. Tunaomba pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, vipimo vya mapafu na mazoezi ya tiba visiachwe nje.

Tulipokuwa katika hofu ya korona tulijifunza kunawa mikono na kukaa mbalimbali. Sasa hofu imepungua, tujifunze kumwamini jirani anaposema kwamba pumzi haimtoshi. Akisema hivyo, apumzishwe kwanza, kisha apelekwe kupimwa.