Hesabu ya Maafa Iingie Mashambani



Mvua kubwa ipitapo juu ya milima ya Umatengo, watu wa kupima uharibifu huja. Twawashukuru kwa kuja. Lakini mbona hesabu yao huishia kwenye nyumba? Huandika mabati yaliyong'oka, kuta zilizoanguka na darasa lililoezuliwa, kisha gari likageuza. Shamba lililoporomoka halina mstari katika karatasi yao.

Hapa Mkumbi mali ya mtu ni mteremko wake. Ngoro zimelimwa katika milima hii kwa zaidi ya miaka 100, wala hakuna bwana shamba aliyewafundisha wazee wetu. Nyasi hufyekwa na kupangwa miraba, mama zetu huzifunika kwa udongo, na shimo la katikati huyazuia maji yasikimbie na rutuba. Safu ya juu ikipasuka, maji huishukia ya chini kwa nguvu, nayo hupasuka, hata upande mzima wa mlima ukabaki mfereji mwekundu. Kuzirudisha ngoro hizo ni siku nyingi za jembe. Je, siku hizo si mali? Au kwa kuwa ni jasho la mama halina bei? Jibu hilo tumelisikia likitolewa kwa kicheko, nasi hatukucheka.

Na mkahawa je? Ukipanda mwingine mahali pa uliong'oka, utangoja miaka 3 hivi kabla ya kuchuma. Basi aliyepoteza miti 100 amepoteza na ada za watoto za miaka hiyo yote. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Umoja wa Mataifa huko Amerika ya Kilatini walianza kutenganisha kilichoharibika na pato litakalokosekana baadaye. Sisi twaandika la kwanza tu, tena nusu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliwashukia watu wa Katesh, wakafa zaidi ya 80. Serikali ikawajengea nyumba waliopoteza makazi. Ni jambo jema kabisa. Lakini mkulima hali nyumba, wala mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay aliyepoteza mtumbwi na nyavu hali nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka kijijini. Basi tusingoje wageni. Kila shina liandike sasa, kabla ya mvua za Novemba: nani ana ngoro upande upi, ana mikahawa mingapi. Asiyejulikana jana alikuwa na nini, atathibitishaje alichopoteza leo? Daftari la shule latosha. Maafa yakitokea, kamati ipite shambani ndani ya siku 3, mwenye shamba atie sahihi, orodha isomwe katika mkutano wa kijiji, na nakala moja ibaki hapa hapa. Wapo watakaotia chumvi, lakini si rahisi kudanganya mbele ya jirani mnayepakana naye.

Wenyeviti wa matawi waje na madaftari hayo katika mkutano ujao.