Askari jela aliyeosha vidonda



Leo fungua Matendo 16, mstari wa 33. Wengi wetu tunaishia kwenye tetemeko na milango kufunguka, tunashangilia. Lakini tazama alichofanya yule askari jela usiku uleule, kabla hata hajabatizwa: aliwaosha Paulo na Sila vidonda vya viboko. Tunda la kwanza la wokovu wake lilikuwa kumhudumia mfungwa mwili.

Jumapili nilipotangaza kwamba timu yetu ya magereza itaomba wafungwa wapimwe homa ya ini aina ya C, ndugu mmoja alinifuata nje. "Pasta, mama yangu anakosa dawa hospitalini, na wewe unapigania wezi?" Sikumkemea. Uchungu wake ni wa kweli. Lakini nitamjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Ugonjwa huu huenezwa kwa damu: sindano za dawa za kulevya, wembe mmoja unaonyoa wengi, chale za kuchora mwili. Hauna chanjo. Mtu hukaa nao miaka mingi bila dalili, huku ini likiharibika hadi saratani. Lakini una dawa! Vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

Australia ilianza kutoa dawa hizo kwa wote mwaka 2016, wafungwa wakiwemo. Watafiti walipofuatilia magereza manne ya New South Wales, matibabu yalipoongezwa, maambukizi mapya yalipungua karibu nusu. Kumtibu mmoja kulimkinga mwenzake.

Ndugu yangu, hakimu alimhukumu yule kijana miaka, hakumhukumu ini. Katiba yetu, Kifungu cha 51, inasema aliyefungwa bado ana haki zake. Na kifungo kina mwisho. Atarudi kwa mkewe, kwa kinyozi wenu, pengine kwenye kiti kilicho kando yako kanisani. Ukuta wa jela hauzuii virusi.

Mama yako na mfungwa si wapinzani. Serikali inayozoea kumnyima dawa asiye na sauti haitashindwa kumnyima mama yako. Tuwadai wote wawili.

Katika Mathayo 25 Yesu alitaja mgonjwa na mfungwa pamoja. Hakuuliza kosa. Mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Nami ninatubu. Miaka mingi nimeingia gerezani na Biblia na sabuni, nikaomba, nikatoka, bila kumuuliza mtu hata mmoja kama amewahi kupimwa.

Kwa hiyo, kanisa, tufanye haya. Timu iongee na wakuu wa gereza na wahudumu wa afya kuhusu kupima na kutibu. Mtu akitoka, asindikizwe hospitalini. Nyumbani, mpe sahani na kikombe, mkumbatie. Ugonjwa huu hauambukizwi hivyo, ila kila mtu awe na wembe wake. Na asiache dawa kwa sababu tumemwombea. Amalize vidonge, apimwe tena, kisha alete ushuhuda na karatasi ya hospitali mkononi. Mungu haogopi vipimo.

Andika AMINA. Lakini ukishaandika, jiunge na timu Jumamosi. Maji ya kuoshea vidonda hayajichoti.