Mgongo wa Mkulima wa Mwani

Bamvua lifikapo, mama zetu wa Paje, Jambiani na vijiji kadhaa vya Pemba huteremka pwani maji yakiwa yamekwisha kutoka. Huinama kwa saa nyingi wakifunga mbegu za mwani katika kamba zilizowambwa baina ya vigingi, kisha hupandisha mzigo uliorowa hadi penye kuanikia. Nyumbani huwangoja maji, kuni, watoto na chungu. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara Unguja mwaka 1989, walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake, na mgongo ni kilio chao cha kila siku.

Mwanamke aendapo zahanati hupewa vidonge. Akirudi mara ya tatu, na picha ya mifupa haikuonyesha ubaya wowote, huanza kuambiwa kwamba hana ugonjwa. Wa nyumbani nao humwita mvivu. Sisi twasema wazi kuwa maneno hayo ni kosa, tena si kosa la adabu tu. Utaalamu wa leo umeonyesha kwamba hofu, huzuni, upweke na kukosa usingizi huyazidisha maumivu, kwani ubongo ndio upokeao habari za mwili na kuzipima. Asiyesadikiwa huumia zaidi. Hii si kusema kwamba maumivu hayo ni ya kubuni. Mwiba ni ule ule, lakini aliye katika msiba na aliye katika furaha hawausikii sawasawa.

Na wasiwasi wa mama hawa una sababu. Bei ya mwani haipangwi na mkulima, na aina iliyo na bei nzuri zaidi imekuwa ikifa kwa joto la bahari. Alalaye akihesabu deni la duka hapumziki.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, Shirika la Afya Duniani limetaja elimu, mazoezi na tiba ya nafsi miongoni mwa huduma zifaazo. Hayo hayataki mitambo ya gharama. Tunaiomba Wizara ya Afya iwaelekeze watumishi wa zahanati wamwulize mgonjwa juu ya usingizi wake, kazi yake na nyumba yake kabla ya kuandika dawa. Wanaosimamia kilimo cha mwani nao wafikirie vihori vya kuchukulia mzigo. Ama waume, tunajua baadhi yao watatukasirikia, lakini kuteka maji ndoo mbili siku za bamvua hakujampunguzia mtu uanaume.